Kituo cha Sita

Mashamba ya Chai, Mufindi

Mama yangu Mariamu,

Assalaamu alaykum. Mdogo wangu Halima, wewe unayemsomea Mama, soma polepole, na akiinuka kwenda jikoni msubiri arudi. Mimi ni mzima. Huku ukungu unashinda nasi mpaka adhuhuri, nguo hazikauki kambani. Hali zenu hapo Iyunga? Mguu wa Baba umepoa?

Mama, nilipata likizo ya wiki mbili na sikuja nyumbani, najua ulinuna. Rafiki yangu Luka, mwashi wa hapa shambani, Mlutheri kutoka Ubena, ana ugonjwa wa kupenda majengo. Akaniambia, "Yusufu, twende tukatazame nyumba za Mungu, tusiulize ni za nani." Tukapanda basi mpaka Iringa mjini.

Tulianza msikitini. Mimi nilisali, Luka akabaki barazani akifuata nakshi za mlango kwa kidole, hewani, bila kuzigusa. Kesho yake akanipeleka kanisani kwao, tukakaa nyuma wakati kwaya inajifunza nyimbo. Mawe ya ukuta ule yalikuwa yamekaa pamoja kama watu wa nyumba moja. Siku zile zilipita kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia sauti za watu uani na huamki.

Siku ya nne Luka akasema lipo kanisa kubwa la misheni, ng'ambo ya Kalenga. Nikajua ni lipi. Ni lile alilofanyia kazi Babu, baba yako, enzi za useremala wake. Ulinikataza nisilikanyage, kwa sababu ulipoolewa na Mwislamu, Babu alisema mbele ya watu kwamba hana tena binti. Nilivunja neno lako, Mama. Nisamehe.

Ndani ni pa juu mno, unatazama dari mpaka shingo inauma. Madirishani mna vioo vya rangi, na jua likipita, sakafu inakuwa buluu na nyekundu kama kanga iliyoanikwa. Nikavua viatu. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia, jina lake Petro, akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene, mjukuu. Hapa si lazima kuvua."

"Nimezoea, mzee," nikamjibu. Akatabasamu, akaendelea kufagia.

Ukutani pametundikwa vibao kumi na vinne vya mti wa mninga, vimechongwa mateso ya Nabii Isa kama Wakristo wanavyoyasimulia. Kila kibao wanakiita kituo. Luka alivipitia kimoja kimoja, na kwenye cha sita akaniita. "Njoo umwone mama huyu."

Ni mwanamke anayempangusa Yesu uso kwa kitambaa. Anapangusa kwa mkono wa kushoto. Juu ya jicho ana kovu lililopinda kama mwezi mchanga, lile ulilolipata ulipoangukia kinu. Ulikuwa wewe, Mama, msichana wa umri wa Halima.

Nilimuuliza mzee Petro nani alichonga. Akamtaja Babu. "Padre alimwambia mtakatifu hapangusi kwa kushoto, abadilishe. Akajibu, 'Huyu ni wa shoto tangu kuzaliwa. Kama hafai, viondoeni vyote.' Wakamwacha."

"Alikichonga lini?"

"Binti yake alipokwisha kuolewa." Akanitazama vizuri. "Kwani wewe ni wa nani?"

"Wa huyo," nikasema, nikaonyesha ukutani.

Mzee aliegemeza ufagio ukutani, akakaa kwenye benchi. Akanieleza kwamba kila Ijumaa Kuu watu hutembea kituo hadi kituo wakisali. "Sisi tukisonga cha saba, babu yako alikuwa akibaki cha sita. Hatukumwita. Tukimaliza cha kumi na nne, yeye bado amesimama pale. Kila mwaka, mpaka alipokufa."

Mama, huenda neno alilolisema mbele ya watu lilimshinda kulirudisha. Mimi simtetei. Nakuambia nilichokiona tu. Ukitaka kwenda, panda basi la Iringa baada ya mavuno, nitakupokea mimi. Usipotaka, sitakuuliza tena.

Msalimie Baba, na shangazi msuka mikeka, na mwalimu wa chuoni aliyenifundisha herufi hizi. Luka anawasalimu ingawa hamjamwona. Na mzee Petro anakusalimu. Anasema anakukumbuka, na kwamba mlango mdogo wa upande wa wanawake haufungwi mchana, wala hakuna atakayekuuliza dini.

Mwanao,
Yusufu