Feni Iliyoshinda Baiskeli

Chumba cha Wakataji,
Kiwanda cha Sare,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, mkataji wa suruali asiye na mpinzani hata akitafutwa kwa tochi. Kifua chako kimepoa? Lile koti nililokukatia unalivaa, au unaona haya mbele ya wasomi wenzako? Livae. Limekatwa na mtu aliyefanya kazi katika miji mitatu na kufukuzwa katika miwili, tena kwa heshima zote.

Huku sote wazima. Mama yako goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini mdomo haujamsumbua hata siku moja.

Uliandika kwamba sasa mnafundishwa jinsi teknolojia na uendelevu vinavyobadilisha usimamizi wa biashara. Nilimsomea mama yako kwa sauti huku akishona, akaguna tu. Basi mimi niliyeishia darasa la saba, na hilo la saba nikatokea dirishani, nina la kukuongezea kwenye daftari lako.

Tumeletewa meneja mpya. Sisi tunamwita Bwana Endelevu, maana hawezi hata kupiga chafya bila kulitaja neno hilo. Ana viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukanyaga chumba cha pasi. Wiki ya kwanza alibandika mabango sitini ya kutuhimiza tuokoe miti. Karatasi nene, ya kung'aa, rangi nne. Nilimuuliza miti mingapi imekufa ili atuambie habari hiyo. Akaniandika kwenye tableti yake.

Wiki ya pili ndipo yakaja macho. Ni vidude vya plastiki, kimoja juu ya kila kiti. Kisipoona mtu akisogea kwa dakika tano, kinazima taa ya hapo na kuiarifu tableti kwamba kiti ni kitupu. Eti umeme unaokolewa na wavivu wanajulikana, yote kwa mpigo mmoja.

Sasa wewe unamjua mama yako. Tangu hujazaliwa anashona kwa mkono matundu ya vifungo vya makoti ya maofisa, pale kwenye kona isiyo na dirisha. Akiingia kazini anaganda kama ukuta, kinachotembea ni ncha za vidole tu. Mwenyewe anasema bega likicheza, tundu linapinda. Jicho likamtazama, lisimwone. Taa pu. Anapunga mkono, taa inawaka. Anarudi kwenye sindano, pu tena. Mwanamke wa umri ule, kutwa nzima anapungia dari kama anaaga meli.

Baada ya wiki mbili akapewa barua: kiti cha kumi na nne huwa kitupu saa sita kati ya nane, kwa hiyo mwisho wa mwezi kitaondolewa. Miaka thelathini na moja, mpwa wangu, imefutwa na kidude chenye ukubwa wa kifungo. Mama yako aliikunja barua akaitia kwenye kikopo cha sindano. Alinikataza nisikuandikie, asije akakuvurugia mtihani.

Mimi nilisema ngoja. Nikaleta feni yangu ya mezani, nikaifunga ukanda wa kitambaa cha kaki, nikaielekeza ule ukanda upepee mbele ya jicho. Taa haikuzimika tena. Hebu fikiria akili hiyo: feni inakula umeme mchana kutwa ili jicho la kuokoa umeme liridhike. Na hilo hukulipata kwenye vitabu vyako.

Ila nami, pamoja na akili zote hizi, Jumamosi moja niliondoka bila kuizima. Ikapepea mpaka Jumatatu. Ripoti ikatoka kwamba kiti cha kumi na nne ndicho kinachochapa kazi kuliko vyote, hata Jumapili hakipumziki.

Bwana Endelevu alivimba kichwa, kofia isingemwenea. Siku ya mwisho wa mwezi alimwita Bibi mwenye kiwanda, akatukusanya sote. Akasema barua yake ndiyo iliyomwamsha mama yako usingizini. Akaifuta ile barua mbele ya watu, akaleta na zawadi: baiskeli yenye utepe, kwa kuwa haitoi moshi. Baiskeli, na goti lile. Kisha akatangaza kwamba kuanzia hapo kila kiti lazima kifikie kiwango cha kumi na nne, na kitakachoshindwa kitatolewa.

Hapo mpiga pasi, yule mama wa watoto watano, akaketi chini. Mimi nikamtazama mama yako, nikimwomba kwa macho anyamaze. Kazi yake ilikuwa imerudi, alichotakiwa ni kusema asante.

Akasimama.

"Bibi, baiskeli hiyo mpeni feni," akasema. "Ndiyo iliyofanya kazi Jumapili. Mimi nilikuwa nyumbani nafua."

Nilikuwa nyuma ya majora ya vitambaa, na ningeweza kubaki huko. Nikatoka nikasema feni ni yangu na ujanja ni wangu, dada yangu asiguswe.

Bibi hakugomba. Aliizima feni mwenyewe, akamwambia mama yako aketi afanye kama siku zote. Bwana Endelevu akawa anaeleza asilimia. Dakika ya tano, pu.

"Hicho kidude chako kimeandika nini?" Bibi aliuliza gizani.

"Kiti kitupu," meneja akasoma, kwa sauti ya mtu aliyemeza nzi.

Na sote tulisikia uzi ukivutwa, taratibu, bila kukatika. Mama yako hakupunga mkono. Alimaliza tundu lile gizani, akauma uzi, akampa Bibi koti. Bibi akalipeleka dirishani, akapitisha kidole, akafunga kifungo, akafungua, akafunga tena.

"Ling'oeni jicho lile leo," akasema. "Na habari ya viwango isitajwe tena."

Sisemi kila kipya ni upuuzi. Sola za juu ya paa ni safi, nami huchajia simu zangu mbili. Lakini mtu anayehesabu kazi asiyoweza kuitambua akiiona, huyo hata umpe tableti ya dhahabu, ni kazi bure. Macho mengine bado yapo, na mpiga pasi huyapungia kila asubuhi kama anasalimu mkwe. Baiskeli imeegemea mlango wa ofisi, haina mwenyewe.

Nawe soma, upate hicho cheti. Ila siku utakapopewa ofisi, ukashindwa kukaa kwenye kiti cha mtu siku nzima kabla ya kumwandikia barua, usiseme mimi ni mjomba wako.

Mkaza mjomba wako anakusalimu, dada yako mdogo anataka picha, na mpiga pasi anasema anakuombea. Mungu akulinde wewe na kifua chako. Mama yako hana la ziada. Feni ameninyang'anya, ukanda ameutoa, na sasa inampepea yeye.

Ni mimi akupendaye kuliko ninavyokubali mbele za watu,
Mjomba wako Mkasi.