Nusu Pumzi Kabla ya Breki

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa binti wa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, na zikukute mzima. Je, kile kikohozi ulichonieleza katika barua ya Januari kimekwisha? Na dirisha lisilofunga, mwenye nyumba amelitengeneza, au bado unaliziba kwa magazeti? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto hunikumbusha umri kila nipandapo ngazi, lakini halijanizuia kupanda. Baba yako ni mzima wa mwili. Nimesema wa mwili kwa makusudi, na sababu utaiona.

Mnaniita Shangazi Kipengele, nami sijawahi kulikana jina hilo. Mtu aliyetumia miaka thelathini na mmoja akiandika miswada ya sheria hawezi kuanza hoja kabla ya kufasili neno, kwa hiyo nivumilie. Msaidizi ni yule anayebeba sehemu ya kazi ya mwenzake, kwa ridhaa yake, huku wote wawili wakijua ni sehemu ipi, na ambaye baadaye anaweza kuulizwa aliibebaje. Ukiliondoa sharti hili la mwisho, la kuulizwa, kinachobaki sijui nikiite nini, ila si msaidizi. Gari la baba yako lina kitu ambacho watengenezaji wamekiita msaidizi wa dereva. Kitu hicho kimekataa kuulizwa.

Ulipata habari kwa simu kwamba baba yako aligonga mtu. Habari za simu hukatikakatika, basi naziweka hapa kwa mpangilio. Ilikuwa Jumanne, tarehe 4 Februari, saa mbili na robo asubuhi. Jua lilikuwa limewaka na barabara ilikuwa kavu. Alikuwa peke yake katika gari lake mwenyewe, si lile la shule ya udereva, akienda kazini. Msaidizi alikuwa amewashwa: hushika mwendo, huacha nafasi kati ya gari na lililo mbele, na hupaswa kufunga breki kitu kinapotokea njiani. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, mwanamke mmoja, dobi, alikuwa akivuka akisukuma toroli refu lililojaa mashuka meupe ya hoteli. Rundo lilimzidi kimo, hata yeye mwenyewe hakuonekana nyuma yake. Gari halikupunguza mwendo. Likalia mara mbili. Baba yako akakanyaga breki, gari likaserereka, likagonga toroli, na toroli likamwangusha dobi. Mguu wake umevunjika mahali pawili chini ya goti. Yu hai, na kwa hilo tunashukuru.

Baba yako unamjua alivyo katika kazi yake ya kufundisha udereva. Hata hivyo nitakukumbusha jambo moja, kwa kuwa kesi yote imesimama juu yake. Katika gari la kufundishia, upande wa mwalimu una pedali yake ya breki. Tangu alipoanza kazi ana sheria moja: anayechukua gari husema "Nimeshika," na anayeachia hujibu "Umeshika." Pasipo maneno hayo mawili gari halijahama mkono. Na kila alipoigusa pedali yake, aliandika daftarini siku, mahali na sababu, na mwanafunzi akatia sahihi. Madaftari hayo yanajaza rafu mbili za kabati lake. Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa ukimnyang'anya kijiko mezani na kutangaza, "Nimeshika," naye hakukuachia mpaka amejibu.

Alhamisi ya tarehe 27 bodi ya leseni ilikaa. Nilikaa kiti cha nyuma nikiwa na kalamu yangu. Wakili wa kampuni ya magari, mtu wa sauti ya upole, alileta ukurasa mmoja tu, akausoma: sehemu nne za kumi za sekunde kabla ya mgongano, mfumo ulijiondoa na kumkabidhi dereva gari, kwa hiyo, wakati wa mgongano, aliyekuwa akiendesha ni dereva.

Baba yako akaomba nafasi.

"Ulinikabidhi kwa kusema nini?"

"Kwa mlio, mzee."

"Mlio mmoja?"

"Miwili."

"Mwanafunzi akiniachia usukani kwa milio miwili, namshusha pale pale arudi kwao kwa miguu."

Watu walicheka. Mwenyekiti aligonga meza, ingawa nilimwona naye akiuma mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama saa yangu, nikijaribu kutamka neno "Umeshika" ndani ya sehemu hizo nne za kumi za sekunde. Nilipolimaliza, muda huo ulikuwa umekwisha kupita.

Nimeandika vipengele vingi vya kumwepusha mtu na lawama. Ilikuwa sehemu ya kazi yangu na siioni aibu. Lakini sijapata kuona kifungu kinachomruhusu mhusika kutoka chumbani wakati kikombe kinaanguka, kisha ahesabiwe kuwa hakuwamo. Mwenyekiti alipoagiza kumbukumbu zote za gari za sekunde kumi za mwisho, wakili akasema hizo ni siri ya biashara. Zingatia hapo. Mstari mmoja wa kumbukumbu hizo hizo, ule unaomtia baba yako hatiani, haukuwa siri. Ulisomwa kwa sauti mbele ya watu arobaini. Mistari inayoutangulia ndiyo siri. Nikauliza, kupitia kwa mwenyekiti, kama kampuni inaweza kutaja kanuni inayoipambanua mistari ya siri na isiyo siri. Wakili akasema atawasiliana na wakubwa wake. Bado anawasiliana.

Nimekisoma pia kitabu cha maelekezo ya gari, chote. Jalada lake limeandikwa: "Tulia. Tupo pamoja nawe." Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa kioo cha kukuzia, unaeleza kwamba dereva awe tayari wakati wote, pasipo onyo, kuchukua udhibiti kamili. Yaani jalada linauza utulivu, na ndani mteja anashitakiwa kwa kuutumia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwona dobi. Yupo kwa dada yake, mguu umefungwa plasta hadi pajani na umewekwa juu ya kigoda. Nilijiandaa kwa hasira. Niliikuta, lakini haikuelekea nilikodhani.

"Mama, mimi sina ugomvi na mwalimu," alisema. "Alishuka, akaniwekea koti lake chini ya kichwa, akanishika mkono mpaka gari la wagonjwa likaja. Yeye aliniona. Lile gari ndilo halikuniona." Kisha akaniuliza: "Hivi mashuka nayo hayaonekani? Maana mguu ukipona narudi kazini, na kivuko ni kile kile. Nisukume ya rangi gani?"

Dada yake, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akadakia, "Kawaulize wenye gari, wao ndio wanaojua wanaona nini."

Nalikariri swali hilo kila siku. Magari ya aina hiyo yanapita pale mamia kwa juma. Ama kampuni inajua kwa nini gari halikuliona toroli, na inanyamaza. Ama haijui, na bado inayauza. Nimetafuta uwezekano wa tatu kwa uaminifu wote, sijaupata.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo baba yako hakukuambia kwenye simu, nami amenipa ruhusa ya kukuambia. Ijumaa alikuja jikoni kwangu. Alizungusha kikombe cha chai mpaka kikapoa.

"Dada, toroli nililiona."

"Uliliona lini?"

"Mapema. Mapema ya kutosha."

"Mbona basi hukukanyaga?"

"Nilingoja likanyage lenyewe."

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu. Mwalimu anayeifunga breki kila aonapo hatari humharibu mwanafunzi, kwani mwanafunzi hatajifunza kuifunga mwenyewe. Kwa hiyo humpa nusu pumzi. Mguu uko juu ya pedali, macho yako barabarani, lakini unamngoja, kwa sababu iko siku atakuwa peke yake. Miaka yote hiyo nusu pumzi ile haikuwahi kumponza. Na gari hili, kwa miezi minane, lilikuwa limefunga breki vizuri kila mara. Lilikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote. Asubuhi ile akalipatia nusu pumzi yake, kwa mazoea, bila hata kujua kwamba anaitoa.

Simtakasi. Kosa lipo, na sidhani kuna dereva mwingine ambaye angelifanya kwa sababu hiyo hiyo. Nilimwonya, kama mtu ajuaye namna maneno yanavyotumika, kwamba akiisema mbele ya bodi kampuni itaidaka, na leseni ya ualimu itakwenda, na kazi itakwenda nayo. Akaniambia: "Watoto wa watu wametia sahihi kila nilipogusa. Leo nisiandike pale niliposhindwa kugusa?" Atasema, tarehe 26 mwezi huu, bodi itakapokaa tena. Kinachonichoma, mwanangu, ni kwamba katika chumba kile atakuwa peke yake aliyefungua daftari lake.

Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kungoja simu. Wewe unafanya kazi katika ofisi inayotunga milio na maonyo ya magari kama hayo. Si kampuni hii, najua, lakini kazi ni moja. Wewe ndiwe uliyemshawishi baba yako achukue gari lenye msaidizi, ukamwambia litakuwa macho yake ya ziada. Sikulaumu kwa hilo. Ulimpenda, na ulisema ulichokiamini.

Ombi langu ni dogo na lina mipaka. Niandikie, kimoja kimoja, vitu ambavyo gari la namna hiyo huviweka katika kumbukumbu: liliona nini, lini, lilikiita nini, liliamua nini. Bodi ikiagiza "kumbukumbu zote" kampuni inakataa kwa kuziita zote siri; ikiagiza kitu kwa jina lake, itakuwa vigumu kukataa. Huenda mkataba wako wa kazi unakukataza. Usome kwanza kabla ya kunijibu, tena usome na ukurasa wa herufi ndogo. Ukikataza, niambie wazi, na upendo wangu hautapungua hata chembe. Ila nitakuomba unitumie nakala ya kifungu hicho, nione kwa macho yangu jinsi kinavyomkataza mtoto kumwambia baba yake gari limeandika nini juu yake.

Mama mdogo anakusalimu. Amepata miwani mipya na sasa anatukosoa sote. Pacha wa kaka yako wanakusalimu na kuuliza kama huko kuna theluji, na kama ipo, ina ladha gani. Jirani fundi cherehani anasema gauni lako limekwisha, ila vipimo ni vya mwaka juzi, kwa hiyo usinenepe. Mwenyezi Mungu akulinde uingiapo na utokapo, akupe riziki isiyokuhitaji ufumbe macho.

Ni mimi nikupendaye bila masharti wala vipengele,
Shangazi yako.

Nyongeza. Nilikuwa nikifunga bahasha baba yako alipopanda. Ameisoma barua yote akiwa amesimama. Amesema maneno ni mengi na kweli ni kweli, na kwamba habari ya leseni nisikusumbue nayo. Nilipokuwa nikimtazama, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikandamiza sakafu, polepole, kama aliyeko garini. Hana habari kwamba anafanya hivyo.

Amesema ana swali moja tu kwako, nami naliweka kama alivyolisema. "Kama ningekanyaga kila mara nionapo kitu, lile gari lisingekuwa na kazi. Nilipongoja, mtu akavunjika mguu. Muulize mwanangu: walipokuwa wakilitengeneza, walikadiria mtu angoje kiasi gani?"