Kona ya Saba Tuliitembea kwa Miguu

Baba Wakesho, mume wangu,

Ndugu yako Mwakio alikuja jana kuchukua gari. Nakuandikia leo kabla hasira haijaniisha, kwa sababu ikiniisha nitaandika kwa adabu, na wewe hukunioa kwa ajili ya adabu.

Unaikumbuka siku ulipolileta nyumbani? Mzungu wa shamba la makonge alikuwa amelipindua kwenye njia ya Wundanyi, akalikataa, akarudi kwao na kuliacha nyuma ya gereji ya Mzee Salim, ulikokuwa fundi. Watu wakasema lina mkosi. Wewe ukalishughulikia mwaka mzima kila ukitoka kazini, ukanyoosha mabati, ukafungua injini na kuifunga tena, mpaka jioni moja nikasikia mngurumo mlangoni. Nikatoka na unga mikononi. Gari jekundu, limeinama kama linatafuta kitu chini, boneti ndefu, na viti viwili. Viwili! Nikakuuliza, "Watoto watano utawaweka wapi, Baba Wakesho, kwenye mfuko wa shati?" Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Voi nzima ilitucheka, na mimi ndiye niliyeanza.

Halafu jeki ikateleza gerejini, lori likakushukia, na mguu wako wa kushoto ukabaki hospitali Mombasa. Nilipokupokea steshoni nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Wewe ukaniambia, "Mama Wakesho, klachi inakanyagwa na mguu wa kushoto." Nikadhani dawa zimekupanda kichwani. Kumbe ulikuwa umelifikiria jambo hilo njia nzima ndani ya treni. Mikono yako ilikuwa mizima, lakini magari hayaharibikii gerejini. Yanaharibikia Miasenyi, yanaharibikia milimani, na fundi ndiye huyafuata. Mzee Salim alikuambia kwa upole wake wa kipwani, "Mwanangu, kazi yako ipo. Lakini mwezi ukiisha na hujapata wa kukuendesha, sina budi kutafuta fundi mwingine." Na nyumba tuliyokuwa tukilala ilikuwa ya gereji. Basi ama niendeshe mimi, ama turudi mlimani tukaombe kipande cha shamba kwa kaka zako.

Nikasema nitaendesha.

"Utaogopa," ukasema.

"Nitaogopa huku naendesha."

Tulianzia kwenye barabara za ndani ya makonge, zilizonyooka, ambako hakuna wa kugonga. Ulinivua viatu siku ya kwanza, ukasema mguu wenye kiatu hausikii klachi inapoanza kushika. Loo, jinsi lilivyoruka! Likaruka, likazima, nikawasha, likaruka tena. Wakata makonge waliacha kazi wakasimama kutazama. Ulinifundisha kukanyaga klachi mara mbili ninaporudisha gia, maana gia zake zilikuwa na kiburi, ukizikosea zinasaga meno. Nilipoanza kuona nimekuwa dereva ndipo ukaniambia jambo lenyewe.

"Sikiliza. Gari hii inasukumwa na tairi za nyuma, na nyuma yake ni nyepesi. Lori lina mzigo wa kuikalia nyuma. Hii haina kitu. Ukiikosea kona, nyuma inataka kuja mbele."

Ukaweka sanduku lako la spana kwenye buti, ukalifunga kwa kamba ya katani, ukasema lisitoke humo kamwe. Kisha ukanikaririsha kama mtoto wa katekisimu: breki ni za kabla ya kona, ndani ya kona ni za majuto. Na mafuta nisiyaachie kwa ghafla, mguu utoke taratibu, kama unavyotoka chumbani mtoto akishalala.

Niliyajua yote hayo kwa mdomo. Wiki ya tatu tukapanda njia ya Wundanyi, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo asingelifanya mtu ila wa kwetu.

Mimi nimeupanda mlima ule na mzigo kichwani tangu utoto, na sijawahi hata siku moja kuifuata barabara. Nani kwetu hufuata barabara? Tunapanda moja kwa moja, kinjia kinaivuka barabara hapa, kinaivuka tena pale, na kona tunawaachia wenye magari. Basi nilipofika kona ya saba nilifanya nilivyofanya maisha yangu yote. Nikaikata. Nikaingia upande wa ndani, upande usio wangu, na tazama, lori la kabichi linateremka. Nikakanyaga breki na kuachia mafuta, yote mawili kwa pamoja, ndani ya kona. Nyuma ikaja mbele kama ulivyosema. Tukazunguka, tukatua mtaroni upande wa mlima, boneti imeelekea Mwatate tulikotoka. Dereva wa lori akapita akipiga kelele, "Nani kampa mama usukani?"

Nilitoka, nikakaa chini kwenye vumbi nikalia. Nikakwambia basi, tafuta mtu mwingine, mimi sitawaulia watoto baba yao. Hukunibembeleza. Ulichukua magongo yako, ukajivuta nje, ukatazama alama za tairi kwa muda mrefu.

"Hapa hapa ndipo mzungu alipopinduka," ukasema. "Wewe hukukosea kwa sababu u mwanamke. Umekosea kwa sababu kona hii huijui. Unajua njia ya mbuzi. Simama tutembee."

Haki ya Mungu, tulitembea. Tuliteremka mpaka kona ya kwanza, tukaanza kupanda, wewe na magongo mawili na mguu mmoja, jua la saa sita, kokoto zinakukimbia. Kila kona ulinisimamisha. Kokoto zimejikusanya wapi? Maji ya mvua yanavuka wapi? Anayeteremka utamwona ukifika wapi? Breki unashika wapi? Hatukuondoka mpaka nijibu. Kona ya tano nikaona damu kwenye shati lako, kwapani, magongo yalikuwa yamekuchuna. Nikasema turudi.

"Mimi nina mguu mmoja sijalia," ukasema. "Wewe una miwili unalia."

Nilikuchukia pale, Baba Wakesho. Nakiri leo kwa kuwa huwezi kunijibu. Nilikuchukia hatua kama kumi hivi, kisha nikafuta machozi nikakuwahi mbele.

Kona ya saba ulikaa kwenye jiwe lile kubwa. Wanawake wanne waliokuwa wakipita na kuni wakaweka mizigo chini, wakatusaidia kulitoa gari mtaroni. Nikakaa, nikaingia kona ile kwa gia ya pili, upande wangu, breki zikiwa zimekwisha kufanya kazi yao nyuma huko. Likageuka kwa heshima. Mwezi haukuwa umekwisha nilipopata leseni, na Mzee Salim akasema, "Bibi, wewe kiboko."

Miaka minne nilikuendesha. Mwanzoni ulishika dashibodi kila kona, ukidhani sikuoni. Siku ulipoacha kuishika niliona pia, ila sikukwambia, usije ukaishika tena.

Kifua kilipokuchukua, lori lilikubeba kwenda kwenu mlimani na mimi nikafuata nyuma na gari letu. Kiti chako kilikuwa kitupu. Nikawa nakutajia kona kwa sauti, moja moja, kokoto wapi, maji wapi. Sikukosea hata moja.

Sasa namwendesha fundi mpya wa Mzee Salim, na watoto wanakula. Lakini jana Mwakio akaja na kofia yake. "Shemeji, gari ni la ukoo. Na mjane kuzunguka barabarani na mafundi wa watu, si vizuri. Mimi ni dereva wa lori miaka kumi." Nikampa ufunguo. Nikamwambia, "Chukua. Ila nipeleke kwanza mpaka kona ya saba." Akafungua buti, akalitoa sanduku lako, akaliweka uani. "Vyuma vyote hivi vya nini? Ndiyo maana haikimbii." Nikamwambia, "Mwakio, gari hii nyuma yake ni nyepesi." Akacheka. Nikafunga leso yangu, nikakaa kwenye kiti chako.

Aliingia kona ya saba kama ana tani za makonge mgongoni. Akashtuka, akaachia mafuta. Tukazunguka. Vumbi lilipotulia tulikuwa tunaitazama Mwatate, na kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu anayekuja.

"Shemeji," akasema polepole. "Imefanyaje?"

"Nyuma imetaka kuja mbele."

Nilikuwa nimepanga kumcheka. Lakini mikono yake ilikuwa bado imeung'ang'ania usukani, na ni mikono yako ileile, vidole vilevile vifupi. Sikuweza. Nikamwacha aliegeshe gari kando, nikamwambia, "Vua viatu, Mwakio. Tutembee."

Akatembea. Tuliteremka kuanzia kona ya kwanza; alinung'unika kona mbili, ya tatu akaanza kujibu maswali. Tulipofika juu akakaa kwenye jiwe lako akipumua kwa nguvu.

"Kaka alitembea hapa? Na magongo?"

"Zote saba."

Kisha akautoa ufunguo mfukoni, akaniwekea mkononi, akaenda kukaa upande wa abiria. Alishika dashibodi mpaka Mwatate. Tulipofika nyumbani alilibeba mwenyewe sanduku lako, akalirudisha kwenye buti, akalifunga kwa kamba ya katani, akaivuta kuona kama imekaza.

Naona hasira imenitoka kabla sijamaliza barua. Si kitu. Kesho asubuhi tunaliendea basi lililokwama Miasenyi, na viatu nimeshaviacha mlangoni. Wewe pumzika, baba watoto. Barabara niachie mimi.

Mkeo na dereva wako,
Mama Wakesho