Koti la Baridi Katikati ya Joto

Jumatano. Unyevu wa leo hauna mfano. Kuta za chumba chetu hapa Xiaobei, mtaa wetu wageni huku kwa Wachina, zinatoka jasho kama mbeba mizigo. Lakini moyo wangu mkavu, mweupe, shuka iliyoanikwa juani.

Niseme tu: nimezaa.

Zawadi wangu, mtoto wa mama wa darasa la saba, anasoma chuo kikuu hapa kwa ufadhili, na Jumamosi ataigiza jukwaani kwa Kichina. Kichina! Mimi miaka yote nanunua nguo huku, najua "ghali" na "punguza" tu.

Ataigiza maisha ya mwigizaji wa zamani, mwanamke mzaliwa wa Lithuania. Rafiki yake wa bwenini anatoka huko, ndiye aliyemsimulia habari za waigizaji wa kwao: walivuka bahari wakiwa wadogo, wakaigiza kwa lugha za watu, kwanza jukwaani, kisha kwenye sinema. Huyu mama alichekwa matamshi yake weee. Baadaye waliomcheka wakapanga foleni ya tiketi.

Jana Zawadi alirudi analia. Wenzake wamemcheka matamshi mazoezini. "Mama, sipandi. Na koti lenyewe sina." Maana kwenye mchezo mwigizaji huyo anashuka melini na koti zito, manyoya shingoni.

Koti? Mimi ninayefunga marobota, mwanangu akose koti?

Leo asubuhi nikaenda Shahe, soko la nguo za jumla. Kumbe baridi imeisha, kote magauni ya joto. Nikaliona moja tu, jeusi, limetundikwa juu kabisa dukani kwa laoban wangu, yule bosi mwanamke ninayenunua kwake. Akatikisa kichwa: "Meiyou!" Hakuna. Hilo ni sampuli, tena rejareja hauzi.

Kichina changu kikaishia hapo. Nikampigia Zawadi, nikampa laoban simu.

Waliongea! Laoban alianza kwa ukali, akacheka, akapangusa macho. Halafu akachukua fimbo ndefu akaliangua koti. Pesa akakataa. Sharti lake: Zawadi alirudishe Jumatatu, na siku ya mchezo yeye laoban akae mstari wa mbele.

Jioni ndipo Zawadi akanieleza: alimsimulia jinsi anavyochekwa. Laoban ametoka kijiji cha mbali, na alipofika mjini wenyeji walimcheka matamshi, Mchina mwenzao! "Akasema, binti, walionicheka ndio wateja wangu leo. Na kila ulichosema nimekielewa."

Kila alichosema.

Sasa hivi Zawadi amevaa koti kwenye joto hili, jasho linamtiririka, anakariri. Nilipomsifu akaniambia, "Mama, hebu nyamaza kidogo." Sijawahi kunyamazishwa nikafurahi hivi.

Jumamosi sinunui hata soksi. Kinachonisumbua ni kimoja: mchezo wote Kichina, nitajuaje pa kupiga makofi? Nimejiambia nitamtazama laoban, akipiga nami napiga.

Lakini najijua. Nitaanza mimi, koti litakapotokea tu.