Benchi ya Nyuma

Kanyangi, Jumanne, Oktoba 1986

Joto la leo halina huruma. Mawingu yamezunguka tangu asubuhi, yakaondoka bila kutupa hata tone. Nami nimeshinda nikimfikiria Syombua.

Syombua ni mama wa kwaya, mjane asiye na mtoto. Anataka kufanya iweto, yaani amwoe mwanamke mwenzake amzalie watoto wa nyumba yake, kama walivyofanya nyanya zetu. Kanisa halitaki kusikia. Wazee wamempa mpaka Jumapili: aache, ama jina lake lisomwe mbele ya watu na ahamie benchi ya nyuma, wanakokaa waliotengwa. Wamenituma mimi nimgeuze, kwa sababu ndimi niliyesomea ushauri majuma matatu kule Machakos.

Kichekesho ni kwamba tulifundishwa kinyume. Usimpe mtu dawa yako, msikilize. Mkubali alivyo, bila masharti. Na usijifanye, maana atajua. Niliyaandika yote kwa wino mwekundu.

Leo dakika tano hazikuisha kabla sijavunja yote matatu.

Alikuwa akinieleza nyumba yake ilivyo jioni, sufuria moja, sahani moja. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye Biblia. Ndivyo tulivyo huku: mtu akilia, tunamfungulia mstari. Nikamsomea habari za Hana, yule tasa aliyemwomba Mungu mpaka akapata mtoto. Syombua akakaza leso kiunoni, akasimama.

"Mwalimu, huyo Hana nimesomewa mpaka amekuwa jirani yangu. Mimi nilikuja unisikize tu."

Niliona aibu. Nikaufunga ule mstari, nikamwambia ukweli. "Syombua, nimetumwa. Naogopa wazee, na mmoja wao ni bwanangu."

Akailegeza leso. Kisha akaketi.

Aliyoyasema baadaye hajayasema kwenye kikao chochote. Kumbe hata yeye hana hakika. Anaogopa msichana atakayemwoa atamchukia. Anaogopa zaidi kufa, mashemeji wagawane shamba, na pasiwe na mtoto hata mmoja wa kuitwa kwa jina la mumewe. Mara tatu ushauri ulinifika kwenye ulimi, na mara tatu nikaumeza. Nilimrudishia tu maneno yake, polepole, ayasikie mwenyewe. Aliondoka bila uamuzi, lakini aliondoka ameinua uso.

Bwanangu aliniuliza tukinywa chai, "Amekubali kuacha?"

"Sikumwuliza."

Aliweka kikombe chini. Hajaniongelesha tangu hapo.

Nina watoto watano. Ni rahisi sana kumwambia mwenzako amngojee Mungu ukiwa na watoto watano. Na nikijichimba zaidi, sikuwa nikihangaikia roho ya Syombua hata kidogo. Nilikuwa nikihangaikia kiti changu cha mbele, cha mke wa mzee wa kanisa.

Sijui ataamua nini, na si kazi yangu kumwamulia. Akiacha, tutaimba naye kama zamani. Akiendelea, Jumapili nitatoka mbele, nipite katikati ya watu wote, nikakae naye kule nyuma. Haya nayaandika kwa ule wino mwekundu ili nisije nikajidai nimesahau.

Anayesoma majina ni bwanangu. Itabidi asome akitutazama wote wawili.