Pete na Vipete

Jumatatu, 3 Machi
Nimeifungua ile mashine kuukuu ya kutafutia vyuma, niliyonunua kwenye duka la vikorokoro mtaani Queensburgh. Koili, ule mduara wa waya unaonusa chuma, ni nzima. Transista zimeliwa na chumvi. Nimezing'oa zote. Nitaweka chipu mpya, betri ya simu na kioo kidogo cha namba. Mama Dorcas wa mlango wa pili amepoteza pete ya ndoa kwenye mchanga wa pwani ya South Beach. Mumewe ni marehemu. Nimemwahidi nitaipata. Kwa nini nimeahidi? Kwa sababu alipiga hodi. Tangu nihamie jengo hili, wanaopiga hodi huwa wamekosea mlango.

Jumatano, 5 Machi
Imewaka. Nimeifundisha kupuuza takataka: vizibo, misumari, vile vipete vya kufungulia makopo ya soda. Jioni Mama Dorcas amekuja, na Kiswahili chake cha kwao. "Papa Saidi, iko habari?" Nikampa chai, akakaa. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini niliendelea kugusagusa waya. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Ijumaa, 7 Machi
Pwani tangu alfajiri. Mashine kimya. Nikajisifu kwamba haidanganyiki. Jioni Mama Dorcas amelia jikoni kwangu. Nimeishi peke yangu muda mrefu mpaka nimesahau kutoa pole.

Jumamosi, 8 Machi
Mjinga mimi. Nimetoa pete yangu, ile niliyoacha kuivaa Asha, mke wangu wa zamani, alipoolewa Tanga na mwingine. Nimepitisha koili juu yake. Kimya. Nimejaribu kipete cha kopo. Kimya, na namba ileile kwenye kioo. Kwa mashine hii pete na kipete ni kitu kimoja. Nimeifundisha kupuuza kile kile ninachotafuta. Nimefuta mafunzo yote.

Jumapili, 9 Machi
Sasa inalilia kila kitu. Mama Dorcas ametoka kanisani akaja pwani na chekecheo la unga. Mimi nasikiliza, yeye anachekecha. Vipete, vizibo, vipete tena. Akacheka. "Eish, watu ya hapa wanakunywa." Nilitamani tusiione. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Kisha pete ikaonekana. Akaiosha kwa maji ya chupa, akaivaa. "Aksanti sana, Papa Saidi." Nikazima mashine, tukarudi.

Alhamisi, 13 Machi
Hajaja. Hana cha kuulizia tena, na simlaumu. Nimetengeneza simu mbili za wateja. Nimechemsha chai ya watu wawili, nikainywa yote. Mashine iko nyuma ya mlango. Redio nimeizima. Ikiwaka, hodi haisikiki.