Katinga Kamemkataa Ndambuki

Jumamosi, 8 Februari 2025

Bwana yangu Ndambuki amenikataza kuongea. Ati nisimwambie mtu yeyote hapa mtaani Ziwani amenunua nini mpaka kifike. Mimi, Kaluki! Nimefunga mdomo siku mbili mpaka shingo inaniuma. Leo nimeenda kwa duka ya Shiku nikachukua eksasaizi ya kuandikia, maana hii maneno lazima itoke mahali. Shule niliachia darasa la tano. Nikikosea herufi ni mimi tu nitajiona.

Haya. Tumenunua mashine!

Jina lake la kizungu ni skid steer. Mimi naita katinga. Ni kama ile tinga kubwa ya kutengeneza barabara, lakini kafupi, kamenona, tairi nne, mikono miwili ya chuma na baketi mbele ya kubeba udongo. Kanaingia mpaka kwa kichochoro. Kalikuwa kwa yadi fulani Kangundo Road, kamelala kwa nyasi kama ng'ombe mgonjwa. Manjano ilikuwa zamani. Taa ya mbele moja. Kiti imepasuka, panya wamezaa ndani.

Na Ndambuki akakapenda! Alikazunguka mara tatu bila kusema kitu, anagusagusa tu. Miaka ishirini na tisa ameendesha lori ya mkate. Halafu mwaka juzi mapafu ikamwangusha, kampuni ikampea barua na pesa yake, wakamwambia kapumzike. Amepumzika! Mwaka mzima anaangalia ukuta. Amepona, daktari mwenyewe amesema, lakini mwili haikurudi. Longi kiunoni anafunga na kamba. Ile siku ya Kangundo Road ndio nilimsikia akipiga mluzi tena.

Nikakubali. Ni pesa yake, na ni mluzi yake.

Jumanne, 11 Februari

Kamefika! Kameletwa juu ya lori mpaka kwa fundi Wamalwa, Shauri Moyo. Sasa naweza kuongea! Saa nne nilikuwa nimeshamwambia Beldina, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Beldina akijua ni kama umepeleka kwa redio. Akaniuliza, "Mama Muoki, kwani mnajenga airport?"

Wamalwa ni mwanaume mkubwa. Akikalia stuli huoni stuli. Alifungua katinga, akacheka peke yake. Ati mzee, umenunua injini nzuri imezungukwa na takataka. Paipu za oil zimekatikakatika kama makaroni. Stata imekufa. Waya panya wamekula. Lakini injini — akabusu vidole!

Muoki, kijana wetu anafunza shule Kitui, amepiga simu. Ati tumeibiwa mchana. Nimemwambia aendelee na hesabu za watoto wa watu.

Jumatano, 26 Februari

Sijaandika. Kila saa saba napeleka chakula Shauri Moyo. Si lazima nipeleke mimi, lakini habari ya huko ni tamu.

Paipu mpya. Stata imepatikana soko ya Gikomba. Baketi imechomelewa meno. Rangi Ndambuki amekwangua mwenyewe, akapaka ingine, manjano kama kiini cha yai ya kienyeji. Ana vumbi mpaka kwa kope, na anaongea! Jana ameniongelesha juu ya grisi dakika ishirini. Mimi ndio nilikuwa nanyamaza.

Leo ikawaka! Moshi mweusi, halafu kijivu, halafu hakuna. Mafundi wote wa jua kali wakapiga kelele. Wamalwa akakaa kwa kiti, akashusha ile chuma ya kuzuia tumbo, akashika leva mbili. Katinga hakana usukani. Mkono wa kushoto unaendesha tairi za kushoto, wa kulia za kulia. Akaenda mbele, akarudi, akazunguka hapo hapo kama mlevi wa harusi. Akainua baketi.

Akashuka. "Mzee, gari ni yako."

Ndambuki akapangusa mikono kwanza. Akapanda. Akasukuma leva.

Wapi! Injini inanguruma lakini tairi haisongi. Baketi haiinuki. Wamalwa akapanda — kanaenda. Ndambuki akapanda — kamekataa. Mara nne! Watu wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, na hiyo ndio ilikuwa mbaya zaidi.

Wamalwa akamwambia kwa upole, mzee, hii si lori, mikono yako imezoea usukani. Ndambuki akazima injini, akashuka. Tumetembea mpaka Ziwani kimya. Hata mimi.

Jumapili, 2 Machi

Beldina alikuja na maneno baada ya kanisa. Ati katinga kamewekewa kamuti. Ati mwenye alikuwa nako zamani alikafunga na dawa, mnunuzi asikaendeshe. "Na si nyinyi Wakamba ndio wenyewe? Itisha mjomba wako akafungue!"

Nikamwambia mjomba yangu anachonga twiga za mbao za kuuzia watalii, na hiyo ndio uchawi yake yote. Na twiga zenyewe zina shingo fupi! Tumecheka mpaka chai ikamwagika.

Lakini Ndambuki alikuwa anasikia. Hakucheka. Yuko mezani na miko yangu miwili, moja kila mkono. Anasukuma, anavuta. Kushoto. Kulia. Anafanya mazoezi! Nataka kusonga sima na miko iko kazini.

Halafu akaniambia bila kuniangalia. Muturi, yule kontrakta, ataanza kuchimba mtaro wa maji taka hapa nyuma ya nyumba zetu tarehe kumi na saba. Tinga kubwa haiwezi kupita. Amekubali katinga ketu. "Lakini siku hiyo ikinikataa mbele ya watu, naiuza kwa kilo kama vyuma. Naenda nyumbani Mwingi kukaa."

Naijua hiyo kukaa. Baba yangu alienda kukaa. Hakuinuka tena.

Alhamisi, 6 Machi

Aki mimi!!!

Nimepeleka githeri. Ndambuki ameenda Gikomba kutafuta bolti. Wamalwa ameacha injini ikiwaka, yuko pembeni anaisikiliza. Mvua ikashuka ghafla. Mimi huyo nikaruka ndani ya katinga kujikinga, nikashusha ile chuma ya tumbo isinigonge. Simu ikalia. Beldina! Ati binti ya jirani Amondi ameacha yule mwanaume wa Mathare. Sasa mimi nikiongea kwa simu lazima nionyeshe na mikono. Kiwiko ikagonga leva.

Kamekwenda! Kakazunguka mpaka kwa pipa ya maji ya Wamalwa. Pipa ikaanguka, ikabingirika mpaka barabarani, mimi ndani ya katinga napiga nduru, Beldina kwa simu anapiga nduru, hajui hata kwa nini.

Wamalwa hakunigombeza. Alisimama kwa mvua ananiangalia. "Mama, hebu simama kidogo." Nikasimama. "Kaa tena." Nikakaa. Kuna taa ndogo nyekundu hapo mbele, Ndambuki alikuwa ameipaka rangi nusu, ndio hatukuiona. Nikisimama inawaka. Nikikaa inazima. Simama, kaa, simama, kaa, kama tuko kanisa ya Katoliki.

Akatoa kiti. Chini kuna swichi na spring. Ni ya usalama. Kama hakuna mtu kwa kiti, mashine inajifunga yote, baketi isiangukie mtu. Lakini hii spring imezeeka, imeshika kutu, imekuwa ngumu. Inataka mtu mzito.

"Mimi na wewe mama, kiti inatusikia," akasema. "Mzee haimsikii."

Nikacheka! Kamuti gani, ni makalio! Halafu nikaacha kucheka. Haimsikii. Mwaka mzima hapa Ziwani watu wananiuliza mimi, "Baba Muoki anaendeleaje?" na yeye amesimama kando yangu. Sasa mpaka mashine.

Wamalwa amesema anaweza kuunganisha waya, katinga kadhani kuna mtu kila saa. Amesema pia anajua jamaa wa Mlolongo alifanyiwa hivyo. Aliinama nje, akagusa leva, baketi ikamshukia. Ana mguu moja saa hii. Nimesema hapana. Spring mpya ni ya kuagiza nje, wiki sita.

"Tumwambie mzee?"

Nimemwambia ngoja. Utamwambia mtu namna gani, ati mashine imekupima ikaona hakuna mtu?

Nimetembea mpaka nyumbani na hiyo habari mdomoni kama chai moto. Hata Beldina sijamwambia. Hata Beldina!

Ijumaa, 7 Machi

Wamalwa amepima na gunia ya misumari. Taa inazima kilo sitini na tano. Nimepeleka Ndambuki kwa yule mama wa mzani hapo barabarani, nikamdanganya ni ya kliniki. Hamsini na nane. Na viatu.

Siku kumi. Asubuhi uji na siagi. Mchana chapati nne na ndengu. Jioni muthokoi na nyama, avokado juu. Ameniuliza kama kuna mtu anaoa.

Jumatano, 12 Machi

Kula anakula, lakini mwili haiongezeki kama unga ya mandazi. Nikafikiria. Halafu ikanijia nikifua ovaroli yake.

Nikamwambia hivi: "Baba Muoki, umesikia? Madereva wote wa mashine kubwa, hata wale wa Wachina, lazima watembee na spana zao mfukoni. Ukipatikana bila, unashushwa." Uongo mtupu! Nimetunga nikisugua kola. Wamalwa akaitikia, uso kama mzee wa kanisa. Na nikamwambia Beldina pia, ili itembee.

Ikatembea! Jioni ya pili Beldina mwenyewe ananirudishia, ati ni sheria ya serikali, na kuna faini. Ndambuki akaisikia kwa watu watatu, akaamini. Spana saba, kubwa kubwa. Na buti ya Wamalwa yenye chuma mbele.

Leo akapanda, spana zinagongana kama duka ya vyuma. Akakaa. Taa — ikazima! Akasukuma. Katinga kakaenda!! Alizunguka yadi mara sita. Alibeba mchanga akaumwaga, akaubeba ule ule akaumwaga tena. Wamalwa alinikanyaga mguu ili nisilie.

Tukirudi akaniambia, "Unaona? Ni mikono ilikuwa bado inajifunza."

"Ndio, Baba Muoki."

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa nimekalia jiwe hapa nyuma ya nyumba. Eksasaizi iko kwa apron. Siwezi ngojea mpaka kazi iishe.

Kulivyokuwa asubuhi! Block yote iko nje. Wamama wameleta viti, kuna mtu ameleta njugu. Ndambuki alikatiza kati ya kamba za nguo na choo za zamani, hakugusa hata shati moja. Udongo unatoka, unaenda kwa lori, unatoka, unaenda. Muturi alikuja amekunja uso, sasa anachekacheka. Akamuuliza, "Mzee, hii kazi umefanya miaka mingapi?"

"Tangu saa mbili asubuhi."

Watu walikufa kwa kicheko! Beldina anamwita "Injinia." Watu wanamuuliza yeye mwenyewe maswali, na anajibu kwa mdomo yake. Baba Muoki hii inakula dizeli ngapi. Baba Muoki hiyo leva ni ya nini. Mimi nimekaa hapa hakuna mtu ananiuliza chochote na nimefurahi, ajabu.

Saa saba tumekula, Wamalwa pia amekuja. Ndambuki amemaliza sahani mbili, akafuta na chapati.

Halafu akasimama akaanza kutoa spana mfukoni. Moja. Ingine. Anazipanga kwa leso yangu, ndogo mpaka kubwa. Nikaruka, nikamwambia rudisha, Baba Muoki, sheria ya serikali!

Akacheka. Pole pole, ile kicheko ya zamani ya tumboni. "Kaluki. Miaka thelathini niko na wewe. Uongo yako naijua ikiwa bado kwa koo."

Nikamwangalia Wamalwa. Wamalwa anaangalia mawingu, kumbe ameshamwambia ya kiti!

Ndambuki akakaa chini, akafungua kamba za buti, akazitoa. Akavaa viatu vyake vya kila siku. Nikamwambia kwa sauti ya chini, watu wasisikie: siku zimekuwa kumi tu, ngoja spring ije, wiki chache tu, nani atajua. Akaniwekea spana ya mwisho kwa mkono.

"Nishikie hizi. Nataka inisikie mimi."

Sasa amepanda. Amevuta ile chuma ya tumbo. Injini imewaka. Muturi anaangalia saa. Beldina ameacha kutafuna njugu, na huyo hajui hata ni nini inaendelea. Kutoka hapa kwa jiwe taa siioni, goti yake imeificha. Spana saba kwa mapaja yangu — nzito! Sijui alikuwa anazibeba namna gani asubuhi yote bila kusema.

Amejiegemeza nyuma, akakaa vizuri, kama mtu amefika kwake. Haangalii leva. Ananiangalia mimi. Mikono yote miwili inaenda mbele. Kalamu chini, nataka kuona!